Nusu ya Pili ya Maneno ya Wakesho

Ndia Kuu, Mombasa
Jumatano

Kaka Mwadime,

Jana alasiri, ofisini mwake Kilindini, mwenyekiti wa bodi ya chuo cha kanisa anachosoma mwanao Wakesho aliniambia kwa kinywa chake kwamba ile video uliyoiona ilikatwa, na walioikata ni wao. Nilimuuliza mara mbili, nikaandika jibu lake, nikamsomea, akalikubali. Nalitanguliza hilo mbele ya salamu kwa sababu ukiamua kuiacha barua hii hapa, angalau hilo utakuwa umelisoma.

Sasa shikamoo. Mguu wa Mama unaendeleaje? Nimesikia bado unavimba akisimama sana sokoni, na kwamba dawa anaimeza siku anayoikumbuka. Shemeji naye, kifua kimetulia? Mimi ni mzima. Chumba changu kiko juu ya duka na bati linachoma tangu asubuhi, lakini sina homa wala kesi na mtu.

Nina hasira, kaka. Nakuambia mapema usije ukadhani mwandiko wangu umeharibika kwa uzee. Jumamosi nilikupigia ukanikatia. Jumapili baada ya ibada nikapiga tena, ukasema "Hilo limekwisha," ukakata. Ndiyo maana natumia karatasi, na ndiyo maana nimempa binamu yetu Mshai aikabidhi mkononi mwako mbele ya Mama. Nimemwagiza asiinuke kitini mpaka uimalize.

Nitakueleza kama ninavyoeleza kazini. Nililoliona nitasema nimeliona, na nililoambiwa nitamtaja aliyeniambia.

Alhamisi iliyopita gazeti lilinituma Tononoka, kwenye ukumbi wa chuo, kusikiliza mpango mpya wa bodi. Sikwenda kama baba mdogo wa mtu. Nilikaa safu ya nyuma na daftari langu. Mwenyekiti, ambaye mwenyewe ana kampuni ya kutoa mizigo bandarini, alisimama akasema bodi inataka kufunga masomo ya lugha, historia, falsafa na muziki, yale ambayo wanafunzi huyaita masomo mapana. Biblia itabaki, saa moja kwa wiki. Madarasa yatakayobaki wazi yatafundisha kazi za bandari, yaani makaratasi ya mizigo, forodha na maghala. Alisema, "Hakuna meli pale Kilindini inayosubiri mtu wa falsafa." Watu wakacheka. Hata mimi nilitabasamu, maana ilisemwa vizuri.

Wakesho akanyoosha mkono.

Hapa lazima nikueleze jambo moja la chuo kile, kwa sababu kila kilichofuata kimetokana nalo. Pale hairuhusiwi kumjibu mtu moja kwa moja. Kwanza unairudia hoja yake, kwa nguvu zake zote, kama vile ni yako. Huongezi dharau wala hupunguzi uzito. Ukimaliza, unamtazama mwenye hoja. Akisema "Ndivyo," hapo ndipo unapopata ruhusa ya kujibu. Akisema "Sivyo," unaanza upya. Akinyamaza, unakaa chini. Wanaita kurudisha hoja. Nilimuuliza mwalimu wao wa Biblia kanuni hiyo imetoka wapi. Akanijibu kwamba imetoka kwenye amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Kwa maelezo yake, ukimjibu mtu kwa jambo ambalo hakulisema umeshamshuhudia uongo, hata jibu lako liwe zuri namna gani. Wanafunzi wanafanya hivyo tangu siku ya kwanza, darasani, mezani, hata wakigombania zamu ya kufagia bweni.

Basi mwanao akasimama, akasema, "Mwenyekiti, naomba kwanza nirudishe hoja yako." Waliosoma pale walielewa. Wageni, na walikuwa wengi, hawakuelewa.

Akairudisha. Niliandika neno kwa neno. Alisema: "Mzazi anaamka gizani, anabeba mzigo mpaka mgongo unapinda, ili mtoto wake akae miaka akisoma mawazo ya watu waliokufa. Mtoto anarudi nyumbani anajua kuongea na hajui kufanya. Huo ni ukatili, na kanisa likiubariki linakuwa limeshiriki. Bandari iko hapa, unaiona kutoka dirishani. Kazi iko hapa. Kumnyima mtoto wa maskini kazi iliyo mbele ya macho yake kwa sababu ya vitabu ni kumfanyia mzaha."

Mwenyekiti mwenyewe alikuwa hajaisema hoja yake vizuri hivyo. Alipiga meza kwa kiganja akasema, "Ndivyo! Ndivyo hasa!" Watu wakapiga makofi.

Wakesho akangoja makofi yaishe. Akasema, "Asante. Sasa naomba nijibu."

Video yako iliishia kwenye makofi.

Kilichokatwa ni hiki. Alisema: "Mwenyekiti, umeuliza mtu wa falsafa atafanya nini bandarini. Atauliza swali ambalo hakuna aliyemlipa aliulize. Kontena likifunguliwa na kilichomo si kilichoandikwa, mtu wa makaratasi ataangalia kama muhuri upo. Tunahitaji na yule atakayesema hapana, na aijue sababu ya kusema hapana, na aweze kuieleza kwa watu wanaomkasirikia. Hilo halifundishwi kwa saa moja kwa wiki. Na babangu, anayebeba huo mzigo, hakuzaliwa ili abebe. Mimi nasoma historia ili nijue nani aliamua kwamba watu wa kwetu ni wa kubeba."

Alikuwa anaendelea. Mwenyekiti akasema, "Muda umekwisha, binti," na kipaza sauti kikazimwa. Akamalizia bila kipaza, lakini safu ya nyuma hatukumsikia, kwa hiyo sitakuandikia nisilolisikia.

Ijumaa asubuhi nilishuka ngazi nikamkuta Mzee Taher, mwenye duka ninaloishi juu yake, anasugua sinia la shaba kwa ndimu na majivu. Anauza vitu vya kale kwa wageni, na vingine si vya kale sana. Simu yake ilikuwa imeegemea saa ya ukutani ambayo haijawahi kwenda tangu niijue.

"Bwana Habari," akaniita, maana ndilo jina alilonipa, "njoo utazame. Mwanenu wamemkata. Kichwa wamechukua, kiwiliwili wametupa."

Nikatazama. Ilikuwa kwenye ukurasa wa bodi, na juu yake wameandika kwamba mwanafunzi anaunga mkono mageuzi.

"Wajuaje kwamba imekatwa?" nikamuuliza. "Wewe hukuwako."

"Kwani mimi simjui? Kila Jumamosi si hukaa hapo barazani akanibishia? Nilimwambia, binti, hiyo falsafa yako huuzwa kwa ratili au kwa pishi? Akanirudishia maneno yangu mpaka nikajiona mwanachuoni. Nikasema ndivyo. Akasema, sasa naomba nijibu, akanimaliza. Hapa hajasema naomba nijibu. Hajamaliza huyu." Akalipindua sinia. "Wengine wataghurika. Lakini babake atajua."

"Unadhani?"

"Aah! Mtu asijue mwanawe anaposema na anaposemea wengine? Yakhe, atajua."

Mzee Taher huyakadiria masinia vizuri. Wewe alikukadiria vibaya.

Ijumaa hiyo hiyo jioni uliweka sauti yako kwenye kundi la familia. Ninayo. "Mnamsikia? Amesema mwenyewe. Mtoto amepata akili." Na unacheka mwishoni. Halafu, kwa mujibu wa Wakesho, ulimpigia bwenini. Akakuambia, "Baba, sikiliza mpaka mwisho." Ukamjibu, "Mwisho nimeusikia," ukamwambia afunge sanduku. Jumapili mwenzake aliyekuwa amerekodi mkutano mzima alinipa rekodi, nikakutumia. Simu yangu inanionyesha umeipokea na hujaifungua. Ni ndefu, najua. Ni ndefu kama mkutano ulivyokuwa.

Usidhani wewe peke yako ndiye umenikasirisha wiki hii. Gazeti letu nalo liliiweka video ile mtandaoni, wakati taarifa yangu ikiwa mezani. Nilimfuata mhariri anayeshughulika na mambo hayo.

"Nilikuwa ukumbini," nikamwambia. "Niliandika yote."

"Taarifa yako ni ndefu, Mnjala. Ile ilikuwa fupi, na tulipewa na bodi."

"Ni ya uongo."

"Si ya uongo. Kila neno amelisema yeye."

"Toa masahihisho."

"Watu wameshasambaza. Nani atasoma masahihisho?"

Nikamwambia atasoma mtu mmoja Taveta, nitahakikisha mimi. Yatatoka Ijumaa. Mshai atakuletea gazeti pia, maana anarudi kwenu na basi la Ijumaa asubuhi baada ya zamu yake ya usiku hospitalini.

Jana ndiyo nikaenda Kilindini. Mwenyekiti alinipokea kwa adabu, akaniagizia chai ya maziwa. Si mtu wa kelele. Ni mzee wa kanisa, anajua majina ya wafagizi wake. Tulizungumza hivi, na haya ndiyo aliyokubali niyaandike.

"Mliikata video?"

"Tuliifupisha."

"Mliifupisha wapi?"

"Pale alipomaliza hoja."

"Hoja ya nani?"

"Hoja yangu," akasema.

Nikafikiri tumefika. Kumbe hatujafika, kwa sababu alifungua mtoto wa meza akatoa karatasi yenye sahihi yako. Umeridhia Wakesho ahamishiwe masomo ya mizigo mwezi ujao. Umeridhia pia, na sijui kama ulisoma hadi chini, jina lako litumike miongoni mwa wazazi wanaotaka masomo mengine yafungwe. Mwenyekiti akasema, "Mimi naweza kuwa nilifupisha. Lakini baba mzazi ameridhia. Wewe ni baba mdogo tu."

Nilitoka pale nikatembea mpaka nyumbani kwa miguu. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka nje ya lango, na madereva wamelala chini ya matela. Alisema kweli. Nguo aliyojifunika yule mzee ni yako. Uongo ni wake, nawe ndiye umeufanya uwe halali.

Sasa kaka, nitakufanyia wanavyofanya pale chuoni. Nitarudisha hoja yako, na ukiona nimekosea useme.

Wewe unasema hivi. Baba alipokufa, kulikuwa na nafasi ya mmoja kubaki shule. Ulikuwa mkubwa, ukatoka wewe. Ukabeba mikungu ya ndizi kutoka mashambani mpaka sokoni ili mimi nikae dawatini nikijifunza kupanga maneno. Ulimlisha mtu mmoja wa maneno, na mtu huyo aliishia chumba kimoja juu ya duka la mtu, hana hata kuku. Hutaki kulisha wa pili. Unataka mwanao awe na kazi yenye jina, ambayo mtu sokoni akiuliza utaweza kuitaja kwa neno moja na yeye akaelewa. Ukisema "anasoma masomo mapana," watu hukuuliza mapana ya nini, na huna jibu, na unaona haya. Na unasema, mwisho kabisa, kwamba umri wako umekwenda na mgongo umekwisha, na huna muda wa kungoja vitabu vizae matunda.

Ndivyo? Nadhani ndivyo. Na sehemu kubwa yake ni kweli, hata ile ya kuku.

Nami nijibu. Ukiniuliza Wakesho atapata kazi gani, sijui. Sitakudanganya. Chuo chenyewe si pepo. Maktaba inavuja, kinanda kina funguo ambazo hazilii, na kuna walimu wawili watatu wanaozipenda sauti zao kupita kiasi. Wahitimu wengine wanafundisha, mmoja namjua yuko mahakamani anatafsiri, wengine wanahangaika kama watu wote.

Lakini nimefanya kazi ya habari tangu nikiwa na nywele. Nimekaa kwenye mikutano ya mabaraza, ya vyama, ya makanisa na ya misikiti, ya wafanyakazi wa bandari na ya mabwana zao. Kazi yangu yote ni kusikiliza watu wakijibizana. Na nakwambia, watu wazima niliowaona wakimpa mpinzani hoja yake yote, ikiwa nzima, kabla ya kumpinga, naweza kuwahesabu kwa vidole bila kuvua viatu. Mwanao alifanya hivyo mbele ya mtu anayetaka kumfungia darasa, na ukumbi mzima unamtazama. Maneno ya yule mzee aliyashika kama mali ya jirani, akayarudisha bila doa. Mzee akayachukua, akamwibia na yake. Nieleze, kati ya hao wawili, yupi amesoma?

Hicho ndicho chuo kile cha kanisa kinachofundisha. Kuimba kwaya kunafundishwa popote. Na saa moja ya Biblia kwa wiki haiwezi kukifundisha, kwa sababu ukijifunza amri bila kujifunza historia, lugha na namna ya kufikiri, unatoka kama mwenyekiti, unajua amri zote kwa moyo na bado unakata video.

Na ukumbuke alikuwa anamsemea nani. Ile nusu waliyoitupa, aliyetajwa ndani yake ni wewe. "Babangu hakuzaliwa ili abebe." Mwanao alisimama Tononoka mbele ya matajiri akasema hivyo juu yako, nawe ukacheka kwenye simu ukasema amepata akili.

Nimekuheshimu maisha yangu yote na nitaendelea. Lakini mgeni mwenye kampuni ulimpa sahihi, na mwanao hukumpa muda wa kumaliza sentensi. Sijui niliite nini jambo hilo. Nimelitafutia neno tangu Jumamosi, na yote niliyoyapata siwezi kumwandikia kaka yangu mkubwa.

Wakesho hajui ninakuandikia kwa ukali huu. Nilimwona jana jioni. Sanduku amelifunga kama ulivyosema, liko chini ya kitanda. Halii. Alinisihi nisigombane nawe. Nikamwambia ombi hilo nimelikataa.

Msalimie Mama, umwambie dawa ni kila siku, na kwamba sauti ya Wakesho yote iko kwenye simu ya Mshai akitaka kuisikia. Nisalimie shemeji, na binamu Kilambo kinyozi, ambaye nasikia video ile anawaonyesha wateja. Mwambie awasikilizishe na rekodi nzima. Msalimie pia yule bibi aliyemfundisha Wakesho kusoma darasa la Jumapili. Yeye hakupiga simu, alituma ujumbe mmoja tu: "Mbona wamemzima kabla hajajibu?"

Limebaki jambo moja. Jumamosi hii saa tatu asubuhi, katika ukumbi ule ule, wazazi wanakutana kuamua. Bodi imeahidi kwa maandishi kufuata watakalosema wazazi. Wanafunzi wamepewa nafasi ya mzungumzaji mmoja, wamemchagua Wakesho. Walimuuliza safari hii atarudisha hoja ya nani. Wote walidhani atasema ya mwenyekiti. Alisema, "Ya babangu."

Kanuni unaijua sasa. Akishairudisha hatajibu mpaka mwenye hoja aseme "Ndivyo." Mwenyekiti hawezi kukusemea, wala mimi. Nilimuuliza itakuwaje usipokuja. Akasema, "Nitasimama, baba mdogo. Halafu nitakaa."

Basi la usiku linatoka kwenu Ijumaa na kufika hapa alfajiri. Nitakuwa kituoni. Ukitaka kusema "Sivyo," njoo useme.

Ni mimi mdogo wako niliyebaki shule,
Mnjala